Sura ya Sita: Bando Limekwenda Wapi?

"Bando limekwenda wapi?" Swali hili huulizwa kila siku majumbani, maofisini na kwenye steshenari, na mara nyingi huandamana na jingine: "Nimelipia kasi kubwa, mbona mtandao mzito?" Majibu huwa tayari hata kabla swali halijaisha. Mmoja anasema kampuni ya simu inaiba. Mwingine anasema ruta ni mbovu. Wa tatu anashauri kiongezwe kifurushi kikubwa zaidi. Huenda mmojawapo yuko sahihi, lakini katika hao watatu hakuna aliyepima kitu. Hoja ya sura hii ni kwamba anayetaka kuufuatilia mtandao wake aanze na kuhesabu kiasi cha data kinachopita, aihesabu mahali panapofaa, na aiache hesabu iende kwa siku za kutosha, kabla hajafikiria kuchungulia ndani ya data yenyewe. Hesabu hiyo peke yake humaliza ubishi mwingi, na mara kadhaa huokoa fedha ambazo zingelipiwa kasi isiyohitajika.

Kiasi na kasi

Tuanze na kutenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni kiasi: jumla ya data iliyopita. Kiasi hupimwa kwa baiti na makundi yake, megabaiti na gigabaiti, na ndicho unachouziwa unaponunua bando. La pili ni kasi, yaani data inapita kwa wingi gani kila sekunde. Kasi hupimwa kwa biti, na baiti moja ina biti 8. Ndiyo maana aliyelipia laini ya megabiti 20 kwa sekunde akipakua faili huona linashuka kwa megabaiti 2.5 tu kila sekunde. Hajaibiwa. 20 ukigawa kwa 8 unapata 2.5.

Hesabu hiyohiyo inaeleza jambo jingine linalowashangaza wengi. Kwa kasi ya megabaiti 2.5 kwa sekunde, gigabaiti 1 hupita ndani ya sekunde 400, ambazo hazifiki dakika 7. Bando la gigabaiti 10 linaweza kumalizika kwa saa moja na dakika saba iwapo kuna kifaa kinachovuta bila kupumzika. Kwa hiyo kauli ya "nimeweka bando asubuhi, mchana halipo" haitoshi kuthibitisha wizi. Laini za siku hizi ni pana kiasi kwamba sasisho moja la kompyuta, likianza lenyewe huku umeketi ukisoma barua pepe, linaweza kula bando la wiki nzima kabla hujanyanyuka kitini.

Kwa kifupi: bando likiisha mapema, hilo ni suala la kiasi, na mtandao ukiwa mzito, hilo ni suala la kasi. Chombo cha kupima unachoanza nacho kiweze kukuonyesha yote mawili.

Mita kabla ya darubini

Kila kadi ya mtandao, iwe ya simu, kompyuta au ruta, inatunza namba mbili zinazoongezeka muda wote: baiti zilizoingia na baiti zilizotoka. Namba hizo zipo hata kama hakuna anayezisoma. Zinafanya kazi kama mita ya maji ukutani, inayojua lita ngapi zimepita bila kujua nani aliyaoga na nani aliyapikia. Programu rahisi za kufuatilia mtandao huzisoma namba hizo kila baada ya muda, hutoa ya zamani kwenye mpya, na jibu ni kiasi kilichopita katikati. Gawa jibu hilo kwa sekunde zilizopita, umepata kasi.

Kutokana na wazo hilo dogo ikazaliwa mojawapo ya programu zilizotumika sana duniani katika kazi hii. Mwaka 1994 Tobias Oetiker alikuwa kazini Leicester, Uingereza, katika Chuo Kikuu cha De Montfort, ambako laini ya kwenda nje ilikuwa moja tu, ya kilobiti 64 kwa sekunde. Kila mtu alitaka kujua laini hiyo ina hali gani. Akaandika programu ya kuchora grafu ya mzigo wake na kuiweka kwenye ukurasa wa wavuti, grafu iliyojichora upya muda wote ili yeyote aione. Toleo la kwanza la programu hiyo, MRTG, lilitoka mwaka 1995. Husoma namba kila baada ya dakika 5, kisha huchora grafu nne: ya siku, ya wiki, ya mwezi na ya mwaka. Mpangilio huo umedumu. Ruta za MikroTik kutoka Latvia, ambazo watoa huduma wadogo na ofisi nyingi za Afrika Mashariki wanazitumia, zina ukurasa wa grafu unaofuata mgawanyo huohuo wa siku, wiki, mwezi na mwaka.

Linalovutia katika kisa cha Leicester ni kwamba grafu ile haikuonyesha jina la mtu wala ukurasa alioufungua. Ilikuwa ni mistari miwili tu, wa kuingia na wa kutoka. Hata hivyo ilitosha kuonyesha saa ambazo laini imejaa, saa ambazo imelala, na kama kuna haja ya kuipanua. Anayeanza leo hahitaji zaidi ya hapo katika wiki zake za kwanza.

Wapi uweke kipimo

Hapa ndipo wanaoanza hujikwaa zaidi. Mtu anasikia sifa za Wireshark, programu ya kuchungulia ndani ya data, anaipakua, anaiwasha kwenye kompyuta yake mpakato, kisha anasubiri kuona simu za ofisi nzima zinafanya nini. Haoni kitu, au anaona mistari elfu kadhaa ya kompyuta yake mwenyewe. Programu haina kosa. Katika mtandao wa kawaida wa waifai au wa nyaya, data ya kifaa kimoja huelekezwa kwa kifaa hicho peke yake, hivyo kompyuta yako inajua habari zake tu. Kifaa kinachojua habari za wote ni kile ambacho data ya wote lazima ipitie, nacho ni ruta.

Kwa hiyo jiulize kwanza unataka kupima nini. Ukitaka kujua simu yako inakula wapi, pima kwenye simu. Android ina ukurasa wa matumizi ya data tangu toleo la 4.0 la mwaka 2011, na unaorodhesha kila programu na kiasi ilichokula. WhatsApp nayo, ndani ya mipangilio yake ya hifadhi na data, ina hesabu yake na swichi za kuzuia picha na video zisijipakue zenyewe. Ukitaka kuijua kompyuta, Windows 10 na 11 huonyesha matumizi ya siku 30 zilizopita kwa kila programu. Kwenye Linux, vnStat hutunza hesabu ya saa, siku na mwezi: ukiandika vnstat -d unapata jedwali la siku, na vnstat -h linakupa la saa. vnStat husoma namba za kadi ya mtandao tu, haigusi pakiti, na ndiyo maana hata kompyuta kuukuu haiielemei. (Pakiti ni kipande kidogo cha data, kila faili, picha au ujumbe hukatwa vipande vya namna hiyo kabla ya kusafirishwa.)

Swali likiwa la nyumba nzima au ofisi nzima, nenda kwenye ruta. Ruta nyingi hufunguka kwenye kivinjari kwa anwani kama 192.168.1.1 au 192.168.0.1, na ndani yake kuna orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Baadhi huonyesha pia kila kifaa kimetumia kiasi gani. MikroTik ina kifaa kinachoitwa Torch, kinachoonyesha papo hapo ni anwani ipi inavuta na kwa kasi gani. Ruta nyingine zinaweza kuwekewa OpenWrt, mfumo wa bure ulioanza mwaka 2004, na juu yake ukaongeza vnStat.

Wiki ya kwanza

Chukua steshenari ya kawaida karibu na chuo: kompyuta nne, mashine ya kudurufu, kamera mbili za ulinzi na waifai ambayo wateja wanaiomba. Mwenye duka amelipia laini ya megabiti 20 ya kupakua na megabiti 2 ya kupakia, na kila alasiri wateja wanalalamika. Wiki ya kwanza asibadilishe chochote. Aache hesabu iende, kisha aangalie mambo haya:

- Saa za usiku. Duka limefungwa, kwa hiyo matumizi yanapaswa kukaribia sifuri. Yasipokaribia, kuna kifaa kinachofanya kazi peke yake, au kuna mtu nje anayejua nywila.
- Kilele cha mchana. Je, mstari wa kuingia unagusa megabiti 20, au unaishia 6?
- Mstari wa kutoka, ambao wengi hawautazami kabisa.
- Tofauti ya siku na siku. Jumatatu moja haitoshi kukuambia hali ya kawaida ni ipi.

Kipengele cha usiku kinastahili kupewa uzito. Kamera moja inayotuma video kwenye seva ya mbali kwa megabiti 2 kwa sekunde hutuma megabaiti 900 kila saa, sawa na gigabaiti 21.6 kwa siku. Kwa mwezi wa siku 30 ni gigabaiti 648. Kifaa hicho hakina kioo, hakipigi kelele, hakuna anayekishika mkononi, na aliyekifunga aliondoka siku ileile. Ukiwauliza watu nani anamaliza bando, watatajana wao kwa wao. Grafu ya saa nane usiku haina sababu ya kumtaja mtu.

Hali ya kawaida ndiyo faida kubwa ya kupima mapema. Grafu ikichorwa siku ya matatizo tu, hujui uilinganishe na nini. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikazorota katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania na Kenya zikiwemo. Mwenye grafu ya wiki zilizotangulia angeona mara moja kwamba mstari wa kuingia umeporomoka wakati vifaa vyake ni vilevile na hakuna kilichojaza laini, na hivyo hitilafu iko nje ya geti lake. Asiye na grafu angezima ruta na kuiwasha, angebadilisha nywila, pengine angenunua ruta mpya.

Mstari wa kutoka

Turudi kwenye steshenari. Tuseme grafu inaonyesha kwamba alasiri mstari wa kuingia hauvuki megabiti 6 kati ya 20, lakini mtandao ni mzito kweli, wateja hawasingizii. Mwenye duka akiishia hapo atasema mtoa huduma anamdanganya. Akitazama mstari wa kutoka ataona umekaa kwenye megabiti 2, bapa kama meza, saa tatu mfululizo. Kamera zinatuma video, na kompyuta mojawapo inapeleka nakala za mafaili ya wateja kwenye hifadhi ya mtandaoni. Njia ya kupakia imejaa.

Kujaa kwa njia ya kupakia huiathirije njia ya kupakua, ambayo bado ina nafasi? Unapopakua faili, kompyuta yako hutuma kila mara vijipakiti vya kuthibitisha kwamba vipande vimefika. Uthibitisho usipofika, aliye upande wa pili hupunguza kasi na kusubiri. Sasa vijipakiti hivyo vinapita njia ileile ya kupakia iliyojaa video za kamera, na ruta huvipanga kwenye foleni. Foleni ya megabaiti 1 kwenye njia ya megabiti 2 kwa sekunde huchukua sekunde 4 kumalizika. Sekunde 4 kwa kila kubofya! Mhandisi wa Marekani Jim Gettys alilifuatilia tatizo hili nyumbani kwake mwaka 2010 na kulitangaza kwa nguvu: watengenezaji walikuwa wameweka foleni kubwa mno ndani ya vifaa, wakidhani wanawasaidia watumiaji kwa kuzuia pakiti zisipotee. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson walichapisha mbinu ya kuzidhibiti foleni hizo, na leo OpenWrt inayo.

Unaweza kulithibitisha mwenyewe kwa ping, amri iliyomo ndani ya Windows na Linux, ambayo hutuma kijipakiti na kupima muda wa kwenda na kurudi. Ipige laini ikiwa imetulia, uandike namba. Kisha ipige wakati faili kubwa linapakiwa. Namba ikiruka kutoka makumi ya milisekunde hadi maelfu, umeshampata mhusika. Dawa yake ni nafuu: punguza ubora wa video za kamera, hamishia nakala za mafaili usiku, au weka kikomo cha kasi ya kupakia ndani ya programu ya hifadhi, OneDrive na Google Drive zote zina mpangilio huo. Kununua laini ya megabiti 40 ya kupakua kusingesaidia kitu.

Kwa kifupi: soma mistari yote miwili. Kujaa kwa mmoja kunaweza kuonekana kwa mtumiaji kama udhaifu wa mwingine.

Pingamizi zinazostahili jibu

Wapo wanaosema kuhesabu kumepitwa na wakati, kwa kuwa data nyingi sasa imesimbwa, yaani imegeuzwa kuwa maandishi yasiyosomeka ila kwa pande mbili zenye ufunguo. Ni kweli kwamba imesimbwa, na ni jambo jema. Lakini usimbaji huficha maudhui. Haufichi kiasi, saa, wala anwani ya kifaa kilichotuma, na hayo matatu ndiyo tunayoyahitaji hapa. Ukweli huo unaipa nguvu hoja ya sura hii, kwa sababu aliyekimbilia kusoma pakiti ndiye anayekuta ukuta.

Pingamizi nzito zaidi ni ya faragha: je, kufuatilia mtandao si kuwapeleleza watu? Inaweza kuwa hivyo, na hatari hiyo isifanyiwe mzaha. Orodha ya vifaa yenye majina ya wenye simu, ikiambatana na saa za matumizi, inasema mengi kuhusu maisha ya mtu: analala saa ngapi, yuko nyumbani lini. Tanzania, kunasa mawasiliano ya mtu bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inasimamia namna taarifa za watu zinavyokusanywa na kutunzwa. Kenya nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Mipaka ya busara ni hii: pima mtandao ulio wako au uliokabidhiwa kwa ruhusa, waambie wanaoutumia kwamba unapimwa, tunza jumla badala ya undani, na futa za zamani. Kuanza na mita kunakuweka ndani ya mipaka hiyo kwa urahisi kuliko kuanza na pakiti.

Wengine husema mtoa huduma ndiye mwenye wajibu wa kupima. Anapima, tena kwa makini, kwa kuwa ndipo anapotoza fedha. Lakini anapima hadi mlangoni pako, na hajui kama ni kamera au ni mtoto wa jirani. Tena ukitaka kumlalamikia, kwake kwanza na baadaye TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, usiporidhika, jedwali lako la siku lina uzito kuliko maneno "naona linaisha haraka". Ila jihadhari na kitu kimoja kabla ya kulalamika: hakikisha mnatumia kipimo kimoja. vnStat, isipobadilishwa, huhesabu kwa makundi ya 1,024, wakati namba za mtoa huduma zinaweza kuwa za 1,000. Gigabaiti 10 za hesabu ya elfu husomeka kama 9.31 kwenye vnStat, na hakuna aliyemeza tofauti hiyo.

Pingamizi ya mwisho ina ukweli ndani yake: wastani hudanganya. Grafu ya dakika 5 ikionyesha megabiti 10, inawezekana laini ilijaa hadi 20 kwa dakika mbili na nusu kisha ikatulia kabisa. Kuna hata vifaa vya zamani ambavyo namba yao ina ukomo wa 4,294,967,295 kisha hurudi sifuri; laini ya megabiti 100 ikijaa huufikia ukomo huo ndani ya dakika 6 hivi, na ya gigabiti 1 ndani ya sekunde 35, kwa hiyo kwenye laini hiyo ya gigabiti 1 msomaji wa kila dakika 5 hupotea njia. Kwenye ruta za aina hiyo chagua namba ndefu za biti 64. Na kwa mtandao unaokatika kwa sekunde chache tu, kama sauti inayopotea katikati ya mkutano wa video, grafu hazitoshi.

Lini ufungue pakiti

Hapo ndipo Wireshark inapostahili nafasi yake. Gerald Combs aliianzisha mwaka 1998 kwa jina la Ethereal, akiwa mfanyakazi wa mtoa huduma mdogo wa intaneti nchini Marekani, kwa sababu programu za kazi hiyo zilizouzwa wakati ule zilikaribia dola 1,500 na hazikufanya kazi kwenye mifumo ya ofisi yake. Jina lilibadilika mwaka 2006. Hadi leo ni ya bure, na ni nzuri sana. Itumie ukiwa tayari unajua kifaa kipi na saa ipi: iwashe kwenye kifaa hicho, nasa dakika chache, kisha fungua menyu ya takwimu, sehemu ya mazungumzo, uone kifaa kinaongea na nani na kimepeleka kiasi gani. Mstari mmoja mmoja uache kwanza. Aliyefika hapo baada ya wiki ya kuhesabu huja na swali moja mahsusi, na Wireshark hujibu vizuri maswali ya namna hiyo.

Kama mwezi huu ulikuwa umepanga kulipia kasi ya juu zaidi, ahirisha malipo hayo kwa siku saba. Leo hii fungua ukurasa wa ruta yako, badilisha nywila ya kiwandani kama bado ipo, washa hesabu ya matumizi, na uwaambie watu wa nyumbani au wa ofisini kwamba umeiwasha. Kesho asubuhi tazama kwanza kilichopita kati ya saa sita usiku na saa kumi na moja alfajiri.